Kustaafu kwa ugonjwa ukiwa mfanyakazi wa serikali kuu Marekani: daktari aandike nini ili OPM wakubali

Swali hili linajirudia sana kwa ndugu zetu wanaofanya kazi serikalini huku Marekani, wa posta, wa hospitali za VA (idara ya waliokuwa jeshini), wa TSA wanaokagua abiria pale eapoti. Mgongo umegoma, au figo zimeanza kusumbua, au usingizi haupo kabisa na kichwa hakitulii, alafu mtu anauliza hivi naweza kustaafu kwa ugonjwa na mimi nina miaka 43 tu? Unaweza. Umri sio hoja kabisa. Ila wengi wanakataliwa na OPM, yaani ofisi ya utumishi ya serikali kuu inayoamua maombi haya, na sio kwamba hawaumwi, wanaumwa kweli kweli, shida ni kwamba makaratasi yao yanaeleza ugonjwa vizuri sana alafu hayaelezi kazi. Hapo ndo nataka tukae leo.

Tuanze na sifa zenyewe. Karibu sisi wote tuko kwenye mfumo wa pensheni unaoitwa FERS (wazee wa CSRS, mfumo wa zamani, wao wanadaiwa miaka 5, wamebaki wachache), na FERS inataka uwe na miezi 18 ya utumishi wa kiraia unaohesabika. Watu wa posta sikilizeni hapa: ule muda uliofanya kama CCA, yaani mbeba barua wa muda, kabla hujapewa ajira ya kudumu hauhesabiki, maana ulikuwa hukatwi mchango wa FERS, kwa hiyo mtu ana miaka 3 anabeba barua lakini kwenye hesabu ya pensheni ana mwaka 1 na kidogo. Angalia karatasi yako ya ajira imeandika nini kabla hujaanza kumsumbua daktari.

Baada ya hapo ugonjwa au jeraha liwe linakuzuia kufanya kazi YAKO, hiyo nafasi uliyonayo sasa, kwa tija na ufanisi. Hali hiyo itarajiwe kudumu angalau mwaka 1. Na mwajiri awe ameshindwa kukurekebishia kazi au kukuhamishia nafasi nyingine. Basi. Hakuna mahali panaposema uwe hujiwezi, uwe kitandani, uwe huwezi kazi yoyote duniani. Hiyo ni sheria ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani), ni ndugu wa FERS lakini sio kitu kimoja, na watu wanazichanganya kila siku. Unaweza ukawa umeshindwa kubeba begi la barua lakini kukaa kwenye kompyuta unaweza, na bado FERS ukapita. Vilevile sio lazima kazi ndo iwe imekuumiza, hata kama ulianguka bafuni kwako au ni kisukari cha kurithi, haijalishi, hata kama ugonjwa ulikuwa nao tangu kabla hujaajiriwa, mradi umezidi ukiwa kazini mpaka kazi ikakushinda.

Kuumia kazini kuna mlango wake mwingine, OWCP, ambao ni fidia, na hela za fidia ya mshahara za OWCP na pensheni ya ulemavu huwezi kula zote mbili kwa kipindi kimoja, utachagua moja. Lakini kuomba zote mbili inaruhusiwa, na nakushauri uombe zote, maana OWCP wanaweza kukukatia siku yoyote ukabaki huna mbele wala nyuma. Asilimia za ulemavu za VA kwa waliokuwa jeshini nazo ni mambo mengine, mtu ana 100% ya VA anadhani OPM watapiga magoti, wapi! Ni ushahidi wa kuongezea tu.

Haya, sasa fomu. Kuna SF 3107 ambayo ni maombi ya kustaafu ya kawaida, na seti ya SF 3112 yenye herufi A mpaka E. 3112A ni maelezo yako mwenyewe, 3112B anajaza supavaiza, 3112C ni ya daktari, 3112D mwajiri anaeleza juhudi za kukurekebishia kazi au kukuhamisha, 3112E ni orodha ya kukagua kama vyote vimo. Ukiniuliza ipi inaamua, nakwambia C na A, na zote mbili lazima ziimbe wimbo mmoja.

Kabla ya daktari, tafuta karatasi ya maelezo ya kazi yako, ile rasmi ya HR inayotaja majukumu na mahitaji ya mwili. Isome na kalamu mkononi. Kwa mbeba barua utakuta mambo ya kubeba begi la paundi 35 begani, kunyanyua vifurushi mpaka paundi 70, kutembea na kusimama masaa, kupanda na kushuka gari. Kwa msaidizi wa wauguzi pale VA utakuta kugeuza wagonjwa, kuwahamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, kusukuma vitanda. Kwa anayekaa ofisini ni umakini, kukumbuka, kuongea na watu wenye hasira kwenye simu, kumaliza mafaili kwa muda. Chagua yale majukumu ya msingi ambayo kweli huwezi tena, huhitaji yote, hata moja likiwa la msingi kweli linatosha. Hiyo karatasi ndo unaenda nayo kwa daktari, usiende mikono mitupu ukitegemea ajue kazi yako, anajua tu unafanya "posta".

Sasa barua ya daktari. Nyingi zinakuja hivi, nakuwekea kwa Kiswahili: "Ninamtibu bwana huyu kwa maumivu ya mgongo na diski zilizohama. Amefanyiwa MRI. Kwa maoni yangu ana ulemavu na hawezi kufanya kazi. Naomba asaidiwe." Ukiisoma unaona nzuri eeh? Kwa OPM hiyo ni karatasi tupu. Kasema ugonjwa, kasema hukumu, katikati hakuna daraja. Hukumu ya nani mlemavu ni ya OPM, daktari wanamtaka awape vitu vya kuwafikisha kwenye hiyo hukumu.

Inayopita inakaa hivi: "Ninamtibu tangu 2021. Ana diski zilizohama kwenye uti wa mgongo wa chini, MRI imeonyesha mshipa wa fahamu umebanwa. Nikimpima mguu wa kushoto umepungua nguvu na akiinama maumivu yanashuka mpaka unyayoni. Amefanya mazoezi ya tiba, amechomwa sindano za uti wa mgongo, ametumia dawa, nafuu ni ya muda mfupi, upasuaji tumeujadili na hautarajiwi kumrudisha kwenye kazi nzito. Nimesoma maelezo ya kazi yake. Hawezi kunyanyua zaidi ya paundi 15, hawezi kubeba begi begani, hawezi kusimama zaidi ya dakika 20 mfululizo. Kwa hiyo hawezi kukamilisha ruti yake ya kutembea wala kupakia vifurushi. Hali hii itaendelea zaidi ya miezi 12 kuanzia leo na sitarajii ipone." Unaona tofauti? Kila kizuizi kimeshikana na jukumu, matibabu yametajwa pamoja na yaliyoshindikana, na muda umetajwa. Hapo kwenye muda watu wengi wanaangukia, daktari anaandika "atapimwa tena baada ya miezi 3", na OPM wanasoma hapo kwamba mtu anaweza kupona baada ya miezi 3, wanakataa. Hata kama kweli atakupima kila miezi 3, aandike kwamba hali yenyewe inatarajiwa kupita mwaka 1, kama ndivyo anavyoamini. Usimwombe aandike asichokiamini, daktari akiulizwa baadae akayumba umekwisha, na udanganyifu kwenye fomu za serikali kuu ni kosa la jinai.

Jambo la kwetu sasa, na hili wazungu hawana sana. Sisi tukiingia kwa daktari tukiulizwa unaendeleaje, tunajibu nzuri tu, namshukuru Mungu. Adabu. Hata mtu kaingia anachechemea kashikiliwa na mkewe atasema sijambo dokta, habari za hapa. Na daktari au nesi anaandika kwenye faili: mgonjwa anasema anaendelea vizuri. Hiyo sentensi utaikuta imeandikwa mara 6 kwenye rekodi ambazo wewe mwenyewe umezituma OPM, alafu kule juu umejaza fomu kwamba maumivu hayavumiliki. Msomaji wa OPM hajui adabu za Tanga wala Mombasa, anaona mtu anajikanusha. Kwa hiyo ukiulizwa, mshukuru Mungu wako moyoni, mdomoni sema ukweli wa mwili: jana nilishindwa kuvaa viatu, wiki hii nimekosa kazi siku 2, usiku naamka mara ngapi. Omba rekodi zako uzisome kabla hazijaenda, mgonjwa ana haki ya kupata rekodi zake, na kama kuna kosa mwombe daktari asahihishe.

Kwa magonjwa ya akili nalo lisemwe, maana watu wanaona aibu wanaandika mgongo tu wanaficha sonona. Sonona, kiwewe, wasiwasi uliopitiliza, vyote vinastaafisha mtu. Kwenye kesi ya Vanieken-Ryals mwaka 2007 mahakama ya rufaa ya Federal Circuit iliwaambia OPM hawawezi kutupa ushahidi wa daktari eti kwa sababu tu hauna kipimo cha maabara au picha. Daktari wa akili akieleza dalili alizoziona, matibabu, na jinsi zinavyogusa kazi, huo ni ushahidi. Kama mgongo ndo ulileta sonona, andika vyote viwili, kwa sababu kitu ambacho hukukitaja kwenye maombi huwezi kukiibua tu baadae kwenye rufaa kama sungura kwenye kofia.

Maelezo yako kwenye 3112A yasiwe hadithi ndefu ya uonevu. Najua supavaiza alikufanyia mambo, najua. Sio mahali pake. Ukijaza kurasa 3 za ugomvi wa bosi, OPM watasema shida ya huyu ni mazingira, angehamishwa angefanya kazi. Andika ugonjwa, andika jukumu, andika kinachotokea ukijaribu kulifanya. "Nikiwa kwenye ruti kufika nyumba ya 40 hivi mguu unakufa ganzi, nakaa kwenye gari nasubiri, nachelewa kurudi, mwezi uliopita mwenzangu alinimalizia ruti." Mistari kama hiyo ina nguvu kuliko neno "maumivu makali" likirudiwa mara 20.

Supavaiza kwenye 3112B ataulizwa kama utendaji wako umeshuka, mahudhurio yakoje, tabia kazini. Wengine wanaandika kila kitu kiko sawa ili waonekane wana roho nzuri, kumbe wanakuumiza. Kama umekuwa ukipata tathmini nzuri kwa vile wenzako wanakubebea au kwa sababu siku unazoumwa haupo kabisa, sema hivyo kwenye 3112A na uambatanishe rekodi za likizo za ugonjwa. Mahudhurio mabovu yanayotokana na ugonjwa ni kigezo kinachojitegemea, sio lazima utendaji uwe umeshuka.

Kuhusu kurekebishiwa kazi, watu wanashindwa kutofautisha. Mwajiri akikupa nafasi halisi iliyo wazi, daraja lile lile, mshahara ule ule, ndani ya eneo unaloweza kwenda na kurudi kila siku, na afya yako inairuhusu, ukikataa umejinyima mwenyewe. Lakini wakikuweka kwenye kiti upange barua zilizoharibika mpaka watakapochoka na wewe, hiyo sio nafasi, ni kazi nyepesi ya kuzuga, na kesi ya Bracey mwaka 2001 ilimaliza ubishi kwamba kazi ya namna hiyo haikuzuii kustaafu kwa ulemavu. Sasa OPM wanajua, ila bado utakuta mtu wa HR anakwambia huwezi kuomba kwa sababu uko kwenye kazi nyepesi. Omba tu.

Usiache kazi kwa hasira. Ukijiuzulu au ukiondolewa, saa inaanza kugonga, una mwaka 1 tu kutoka siku ya kutoka kazini maombi yawe yamefika OPM, na msamaha upo kwa aliyekuwa hana akili timamu tu. Wengi wanaangukia hapa wakisubiri OWCP iamue kwanza, wanaondolewa kazini kimya kimya huku fidia inaingia, hawastuki, miaka 2 inapita. Kama siku zinaisha na daktari hajajaza, tuma hivyo hivyo pungufu, viambatisho vitafuata, kilicho na tarehe ya mwisho ni maombi. Na kama mwajiri anataka kukuondoa, sababu ikiandikwa kwamba huwezi kazi kiafya inakusaidia, maana tangu kesi ya Bruner mwaka 1993 barua ya namna hiyo inafanya OPM waanze na dhana kwamba wewe ni mlemavu, wao ndo watafute cha kupinga. Ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu bado unaweza kuomba lakini huo mteremko haupo.

Ukiwa bado kazini au umetoka ndani ya siku 31, makaratasi yanapitia kwa HR wa ofisi yako. Zaidi ya hapo unatuma mwenyewe OPM kule Boyers, Pennsylvania, ambako mafaili ya wastaafu yanashughulikiwa ndani ya mgodi wa zamani wa chokaa, chini ya ardhi kabisa, sitanii. Kwa hiyo usishangae kukaa miezi bila jibu. Tunza kopi ya kila karatasi na risiti ya kutuma.

Social Security lazima uombe pia, ni sharti, na uambatanishe uthibitisho kwamba umeomba. Wakikukataa sio tatizo kwa FERS, na kwa waliohamia juzi juzi kukataliwa ni kawaida kwa sababu hawajafikisha pointi za kazi. Usifute tu maombi yao njiani, ukifuta OPM nao wanafuta yako.

Hela zenyewe. Wanachukua wastani wa mshahara wako wa msingi wa ile miaka 3 mfululizo iliyo mikubwa. Mwaka wa kwanza 60% ya hiyo, wanatoa yote unayopata Social Security. Kuanzia mwaka wa pili 40%, wanatoa 60% ya ile Social Security. Tuseme wastani wako ni dola 60,000 na Social Security wanakupa 1,500 kwa mwezi: mwaka wa kwanza ni 3,000 toa 1,500, OPM wanakupa 1,500 na jumla unabaki na 3,000. Mwaka wa pili ni 2,000 toa 900, OPM 1,100, jumla 2,600 kwa mwezi kabla ya kodi na bima. Ukifika 62 wanapiga hesabu upya kana kwamba ulifanya kazi mpaka siku hiyo, miaka uliyokaa nyumbani inahesabiwa kama utumishi. Kama tayari una 62 au umeshatimiza sifa za kustaafu kawaida na pensheni kamili, hesabu hii haikuhusu.

Social Security wakichelewa kukubali alafu wakalipa malimbikizo, usiile hiyo hela! OPM watakuja kudai sehemu waliyokulipa zaidi, na watakata kila mwezi mpaka iishe. Iweke pembeni mpaka barua yao ya hesabu ifike.

Ukikataliwa una siku 30 kuomba waangalie upya, na hapo usirudishe barua ile ile ya daktari, soma sababu walizotoa umpelekee daktari azijibu moja moja. Wakikataa tena una siku 30 kwenda MSPB, bodi ya rufaa za watumishi wa serikali kuu, kule ni jaji na unaweza kuleta ushahidi mpya na mashahidi. Mwanasheria kwa maombi ya mwanzo mimi naona wengi hawamhitaji kama daktari anashirikiana, ila ukifika MSPB mtafute, na awe wa mambo haya haya, sio yule wa uhamiaji unayemjua.

Ukishapita, chini ya miaka 60 wanaweza kukutaka ripoti ya daktari mara kwa mara, na kila mwaka utajaza fomu ya kipato. Unaruhusiwa kufanya kazi nyingine isiyo ya serikali kuu, lakini kipato cha kazi kwa mwaka kikifika 80% ya mshahara wa sasa wa ile nafasi uliyoacha, wanakuhesabu umepona kiuchumi na pensheni inasimama Juni 30 ya mwaka unaofuata. Kodi za nyumba ulizopangisha Dar au Nairobi kwa kawaida haziingii humo, mshahara na biashara unayoifanya mwenyewe ndo vinaingia. Na bima ya afya ya watumishi, FEHB (kwa watu wa posta tangu 2025 ni PSHB), unaendelea nayo kama ulikuwa nayo miaka 5 mfululizo kabla ya kustaafu, au tangu nafasi ya kwanza uliyopewa kujiunga. Wanaopanga kurudi nyumbani wasiiache, kwa sababu Medicare, bima ya serikali ya wazee na walemavu, kwa kawaida hailipii matibabu nje ya Marekani, na baadhi ya bima za FEHB zinalipia, ulizia ya kwako kabla hujakata tiketi.